Nasike, Meja na Kamba Isiyokazwa

Nasike alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia amesimama mbele ya mashine moja ya kukunja mifuko ya karatasi, katika kiwanda kimoja chini kidogo ya Bugolobi, jijini Kampala. Kwao ni Chwele, upande wa Kenya, na jina lake alilirithi kwa bibi yake aliyezaliwa mwaka wa nzige. Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili, na si msemaji sana. Wenzake kiwandani walimjua kwa jambo moja: akisema "nitafanya", usimuulize tena. Utakuta limefanyika, au utamkuta bado yuko juu yake.

Ndivyo alivyompata Meja. Alikuwa mbwa wa ulinzi, mkubwa, wa rangi ya kahawia iliyoungua mgongoni, na kwa miaka minne alifungwa mnyororo karibu na lango la kiwanda. Walinzi waliokuwa naye walipoondolewa na wengine kuletwa, wale wa zamani walichukua kofia zao na redio zao, lakini mbwa wakamwacha. Wapya walikuja na mbwa wao. Ikasemekana Ijumaa ataletwa mtu mwenye sumu. Nasike, ambaye kila mchana alimtupia Meja mfupa wa chakula chake, alikuwa ameona kiwandani pale vitu vingi vilivyofanya kazi miaka na miaka vikibebwa kwenda kutupwa, na watu pia. Alhamisi jioni alikwenda kwa msimamizi akamwambia, "Huyu nitamchukua mimi."

Akamfungua mnyororo, akamtia kamba shingoni, na Meja akamburuta kutoka lango la kiwanda mpaka kwenye magorofa ya Bugolobi alikokuwa akiishi. Waendesha bodaboda wa pale kona walibishana ni nani anampeleka mwenzake nyumbani.

Kwa mbwa yule kamba ilikuwa na maana moja tu. Maisha yake yote ilikuwa kitu kinachokuzuia, na dawa ya kitu kinachokuzuia ni kukivuta. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila jioni baada ya kazi, Nasike alishuka naye ghorofa tatu huku visigino vyake vikigonga ngazi. Viganja vilichubuka, bega la kulia likaanza kumuuma hata akiwa amelala. Alijaribu kuizungusha kamba kiunoni, ikawa sasa anavutwa mwili mzima. Alijaribu kumkemea, na kumpiga kofi la ubavuni, jambo aliloliona aibu mara tu mkono wake ulipotua. Meja hakujali. Alikuwa hana ubaya wowote ndani yake. Alitaka tu kufika mbele, na mbele haikuisha.

Mwezi wa pili tangu amchukue, siku ya Ijumaa, Nasike alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo alimtoa mbwa mchana. Ghorofa ya kwanza ya jengo lile aliishi Hajati Halimah, mama wa miaka sabini na mmoja, Mnubi, binti wa askari na mjane wa dereva. Siku hiyo alikuwa amevaa shuka lake jeupe lililopigwa pasi, anakwenda kuswali. Paka akakatiza chini ya ngazi. Meja akaruka, kamba ikamzunguka Hajati miguuni, na mama wa watu akaanguka chali juu ya ngazi mbili za mwisho, mkono wa kushoto chini yake. Kabla Nasike hajainuka alipokuwa ameangukia magoti, Meja alikuwa amesharudi, amesimama juu ya Hajati, anamlamba uso.

Hajati hakupiga kelele. Alifumba macho tu, akasema kwa sauti ya chini, "Muondoe."

Nasike alimkimbiza mbwa juu, akamfungia ndani, akakodi gari wakaenda hospitali ya Mengo. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Hajati alifungwa plasta mpaka karibu na kiwiko, na wakati wa kurudi, gari lilipoingia Bugolobi, Hajati akaeleza. Bila hasira alisema kwamba mkono ni kazi ya Mungu, utaunga. Lakini mate ya mbwa kwao ni najisi; nguo zile na uso wake vilitakiwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kwa mkono mmoja asingeweza kuzifua zile nguo.

"Nitafua mimi," Nasike akasema. "Wewe niambie tu namna."

Hakwenda kazini jioni ile. Alichimbua udongo safi kwenye kopo la maua barazani, akapiga magoti katika bafu la Hajati na kulifua lile shuka jeupe na gauni huku Hajati mwenyewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anahesabu. Nasike ni Mkristo wa kanisa la Marafiki, wale waitwao Quakers, na hakuwa amewahi kufua nguo namna ile. Mara ya kwanza aliipaka udongo, nguo ikawa nyekundu, akaogopa kwamba ameiharibu. Zile sita zilizofuata zilikuwa za maji matupu, na kila aliposuuza nyekundu ile ilipungua. Hajati alihesabu kila moja kwa sauti. Ilipofika ya saba akasema, "Sasa imetosha," na Nasike akagundua kwamba alikuwa analia muda wote, machozi yanaingia katika maji ya kufulia.

Habari haikuishia bafuni. Jumapili kamati ya wakazi iliketi, na mwenyekiti, Mzee Oola, Mwacholi aliyestaafu kufundisha hesabu, alimwita Nasike. Wengi walitaka mbwa atoke kabla ya wiki kwisha. Mmoja alikuwa na watoto wawili, mwingine alisema ngazi si mahali pa mbwa wa kulinda lango. Nasike hakubishana, kwa kuwa walikuwa na haki. Aliomba muda wa kumfundisha. Mzee Oola akamuuliza muda gani, na yeye, ambaye hakujua chochote kuhusu kufundisha mbwa, akasema wiki sita.

Wakamgeukia Hajati wapate neno lake. Alikuwa ameketi pembeni, mkono umening'inizwa kwa kitambaa.

"Mimi sijasema mbwa auawe," alisema. "Nimesema nataka kupita ngazi yangu."

Mzee Oola akaandika wiki sita. Mbwa atapitia ngazi ya nyuma, saa ambazo watu ni wachache, na siku ya mwisho kamati itakuja kumtazama kwa macho yake. Baada ya hapo, alisema, hatazungumza tena.

Kesho yake Nasike alimpeleka Meja kwa daktari wa mifugo aliyeitwa Rosalba, mwanamke mwenye vidole virefu ambaye hakumwogopa hata kidogo. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akaiangalia kamba, akacheka kidogo kwa huruma. Akamweleza kwamba kifua cha mbwa kimeumbwa kwa kuvuta. Ukimfunga shingoni umempa mzigo, na yeye ataukokota. Akatoa kabatini kitu cha mikanda miwili myembamba. Mmoja ulifungwa nyuma ya masikio, juu kabisa ya shingo, na mwingine ulikuwa kitanzi kinacholala juu ya pua, na chini ya kidevu palikuwa na pete ndogo ya kufungia kamba.

"Ng'ombe dume mnamwongoza kwa kifua?" daktari aliuliza. "Kichwa kikigeuka, mwili unafuata. Lakini usiuvute kwa ghafla hata siku moja, utamuumiza shingo. Na ujue, huu mkanda haumfundishi. Unakupa tu nafasi ya kumfundisha."

Mkanda wenyewe ulikuwa wa mbwa mdogo na hapakuwa na mwingine. Daktari akampa aende nao, akashonewe mwingine kwa mfano wake. Nasike akashuka mpaka Mengo kwa fundi wa mabegi, akakaa pembeni yake wakati anakata mkanda wa begi la mgongoni na kuushona upya kwa vipimo vya kichwa cha Meja, ambavyo alikuwa amevichukua kwa uzi. Fundi aliuliza kama ni wa mbuzi.

Hapo ndipo Nasike alipokosea. Daktari alikuwa amemwambia amzoeshe mbwa kwa siku kadhaa, polepole. Lakini alikuwa na wiki sita kichwani, zinagonga kama saa. Jioni ile ile alimfunga Meja mkanda na kumtoa nje. Meja alipiga hatua nne, akajitupa chini, akasugua uso kwenye changarawe, akaupiga mkanda kwa miguu ya mbele kama mtu aliyeingiwa na nyuki. Kitanzi kilikuwa kimelegea. Kikapanda mpaka karibu na jicho na kumchuna. Nasike alipofanikiwa kumvua, mbwa alikuwa anatoka damu juu ya shavu, na kwa siku tano zilizofuata akiuona tu ule mkanda mkononi mwake alikuwa akiingia chini ya meza.

Wiki moja ikawa imepotea hivyo. Usiku wa siku ya tano Nasike alikaa sakafuni mbele ya ile meza na kujiambia ukweli. Alikuwa amemfanyia Meja kile kile ambacho Meja alimfanyia yeye: kukimbilia mbele bila kumtazama aliye upande wa pili wa kamba.

Akaanza upya. Alirudi kwa fundi, kitanzi kikapunguzwa mpaka kikawa kinaacha nafasi ya kidole kimoja tu. Kila alfajiri alikaa na kitanzi hicho sakafuni, amekishika wazi kama dirisha dogo, na upande wa pili wa dirisha ameshika dagaa mkavu, wale wanaoitwa mukene Kampala. Meja akitaka dagaa, apitishe pua. Siku ya kwanza alinyoosha shingo mpaka ikawa ndefu kama ya bata, akachukua dagaa kwa ncha ya meno na kukimbia. Siku ya tatu alikuwa anaisukuma pua mwenyewe. Siku ya sita Nasike alifunga mkanda kwa muda wa kuhesabu tano, akafungua. Kisha kumi, kisha muda wa kula sahani nzima ya chakula. Nyumba ikanuka dagaa, sare ya kazini ikanuka dagaa, na wenzake mashineni walimuuliza kama amefungua biashara ya samaki.

Wiki ya tatu aliteremka naye uwanjani nyuma ya jengo, palipokuwa na kamba za kuanikia nguo na safu ya miti. Kamba ya kutembelea aliifunga kwenye pete ya kidevu, na kamba ya pili, ya tahadhari, kwenye mkanda wa zamani wa shingo. Sheria ilikuwa moja: kamba ikikaza, Nasike anasimama; ikilegea, wanakwenda; Meja akiwa usawa wa goti lake, anapata dagaa. Ilikuwa kazi ya kuchosha kupita mashine. Hatua mbili, simama. Hatua moja, simama. Kuna jioni walimaliza nusu saa hawajafika mti wa pili.

Baraza la Hajati Halimah lilikuwa juu ya uwanja ule. Kila jioni alitoka, akaketi kwenye kiti cha plastiki na plasta yake, akatazama. Nasike alimwamkia, Hajati akaitikia, basi. Asubuhi Nasike alikuwa akipita kumsaidia kufunga kilemba na kuchota maji, na huko pia mbwa hakutajwa.

Siku ya nne Hajati akasema kutoka juu, kwa Kiswahili chake cha kambi za askari, "Nasike. Huyu mbwa amesimama. Wewe ndiyo unavuta."

Nasike akatazama mkono wake. Ilikuwa kweli. Meja alikuwa amesimama kimya, na mkono wake yeye ulikuwa umenyooka, kiwiko kimefungwa, bega limepanda mpaka sikioni, kamba imekaza kama waya wa umeme. Alikuwa amezoea kuburutwa kiasi kwamba alivuta hata pasipokuwa na wa kumvuta.

Hajati akaendelea. Alieleza kwamba baba yake alikuwa sajini, kazi yake kufundisha askari wapya gwaride, na alikuwa akisema mtu akikaza bega, mguu unakosea. "Legeza bega kwanza. Mbwa atakuja nyuma."

"Nimezoea, Hajati. Nikilegeza naogopa ataniangusha."

"Alishaangusha mimi. Wewe legeza."

Jioni hiyo Nasike alibuni njia. Alichomeka kidole gumba cha mkono ulioshika kamba ndani ya mfuko wa aproni yake, na hakukitoa. Mkono ukikaa pale hauwezi kunyooka wala kuvuta. Unaweza tu kubaki mahali pake. Mara ya kwanza alihisi kama mtu aliyeachia usukani. Meja akatangulia, kamba ikafika mwisho, kitanzi kikamgeuza pua taratibu, na mwili ukafuata pua. Akajikuta anamtazama Nasike usoni. Akapata dagaa. Akakaa akifikiri, kama mbwa anavyoweza kufikiri, kisha akatembea ubavuni mwa Nasike hatua tisa nzima. Nasike alizihesabu. Alipoinua macho barazani, Hajati alikuwa ameshaingia ndani kuswali magharibi.

Tangu siku hiyo Hajati akawa mwalimu wa juu ya baraza. Hakumkaribia mbwa, wala Nasike hakutarajia hilo. Lakini alikuwa na jicho. Alisema leo umechelewa kumpa, au leo umeongea sana, mbwa hajui afuate mdomo au mguu. Mara moja tu aliitania ajali yake mwenyewe. Alisema binti wa sajini hawezi kuangushwa hivi hivi tu, ni halali yake aangushwe na meja.

Wiki ya tano walitoka barabarani. Karibu na pipa kubwa la taka walisimama kaloli, wale ndege warefu wenye vichwa vipara wanaoishi kwa takataka za mji. Meja aliwapenda kwa namna mbaya. Siku ya kwanza aliinuka juu, kitanzi kikamgeuza, akarudi gotini. Nasike akatembea mpaka nyumbani moyo umejaa furaha. Siku ya pili kaloli mmoja alifungua mabawa ghafla, Meja akaruka kwa mbio, na Nasike akaona kwamba akiizuia kamba ya kidevu shingo ya mbwa itateguka. Akaiachia, akabaki na ile ya tahadhari, akavutwa mpaka akapiga magoti kwenye lami. Suruali ilipasuka. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Nyabo, mama yangu, mbwa kama huyu haachi. Mrudishe kwa wenyewe."

Nasike akajipangusa. Akarudi hatua hamsini nyuma, mahali ambapo Meja aliwaona kaloli lakini bado aliweza kumsikia yeye, akaanzia pale. Kila siku walisogea kidogo. Hakumwambia mtu yeyote kuhusu suruali.

Jumapili ya wiki ya sita, baada ya ibada, Mzee Oola alikuja na wajumbe wawili wakasimama chini ya ngazi ya mbele. Mjumbe mmoja alipoona mkanda alisema afadhali, amefungwa mdomo. Nasike akamwonyesha kwamba Meja anaweza kupiga mwayo, kula, hata kubweka. Haukuwa wa kumfunga mdomo. Mjumbe akarudi nyuma hatua moja.

Mzee Oola alikuwa amepanga yeye mwenyewe apite karibu na mbwa. Lakini mlango wa ghorofa ya kwanza ukafunguka na Hajati Halimah akatoka, plasta imetolewa wiki ile ile, mkono bado mwembamba na wenye ngozi kavu.

"Nitapita mimi," alisema. "Ngazi ni yangu."

Nasike alikuwa na Meja kwenye kituo cha ngazi, upande wa ukuta. Alichomeka kidole gumba mfukoni mwa aproni. Hajati akaanza kushuka, mkono mzima umekusanya gauni, ule mbovu umeshika reli. Meja akamwona. Masikio yakasimama, makalio yakainuka kidogo sakafuni, na mkia ukaanza kugonga ukuta. Alimkumbuka, na alitaka kumsalimia kwa njia yake. Mwili wote wa Nasike ulitaka kuikaza ile kamba. Hakuikaza. Akavuta pumzi, akaliacha bega lishuke, akalitaja jina la mbwa mara moja, si kwa ukali.

Meja akageuza kichwa akamtazama yeye. Makalio yakarudi chini. Hajati akapita, gauni likiwa kiganja kimoja kutoka puani mwa mbwa, akafika chini, akasimama kando ya Mzee Oola na kuvuta pumzi ndefu. Ndipo Nasike alipojua kwamba Hajati naye alikuwa anaogopa.

Mzee Oola hakupongeza mtu. Alisema mbwa atabaki, atavaa mkanda wake kila anapotoka, na Ijumaa mchana, saa ya swala, ataendelea kupita ngazi ya nyuma. Akasaini daftari lake, wakaondoka. Nasike aliketi ngazini pale pale, akampa Meja dagaa wote waliobaki mfukoni.

Jioni ile alikwenda kwa Hajati kumshukuru. Hajati alimzuia. Alisema hakufanya kwa ajili ya mbwa. Tangu aanguke alikuwa akishuka ngazi zile kwa hofu hata mbwa asipokuwepo, na alichoka. "Mimi pia nilikuwa na wiki sita zangu," alisema, kisha akamtuma jikoni alete chai.

Kiangazi kilipoingia, binti wa Hajati, Nabilah, alikuja kumchukua akaishi naye mjini Bombo, maana mkono haukurudi sawa na maji ya kupandisha yalikuwa mazito. Siku ya kuhama Nasike aliomba ruhusa kazini. Alimfungia Meja ndani, akaoga, akavaa nguo ambayo mbwa hajaigusa, akashusha masanduku ya Hajati moja moja mpaka garini. Waliagana kwa mikono miwili. Hajati alimwambia aje Bombo siku ya Idi, aje peke yake, na Nasike akasema atakwenda.

Alikwenda kweli. Alipanda gari asubuhi na mapema, ana kifurushi cha sukari na kitambaa kipya cheupe mapajani, na nyumbani amemwachia Mzee Oola ufunguo, kwa kuwa mzee alikuwa amesema, akiangalia pembeni, kwamba anaweza kumtembeza Meja mpaka mti wa pili na kurudi.